Bei ya Ukurasa Mmoja

Kazi yangu ni kutafsiri. Tangu asubuhi mpaka magharibi nina maandishi mawili mbele yangu, ya mwenye kazi na ya kwangu, na macho hayatulii: yanasoma huku, mkono unaandika kule. Nikiona maandishi ya upande mmoja tu, kazi inasimama. Ndiyo maana mwaka wa kwanza nilipoanza kufanyia kazi nyumbani, zamu yangu kwenye mchezo wa kupeana fedha ilipofika nilizichukua fedha zote nikaenda Kariakoo kutafuta skrini kubwa.

Nilirudi na televisheni ya inchi 32, shilingi 310,000. Muuzaji alisema, "Dada, hii mchana unafanyia kazi, jioni watoto wanaangalia katuni," na mimi nikaona nimepata viwili kwa bei ya kimoja. Nilipoichomeka kwenye laptopu, herufi zilitoka nene, kingo zake zina ukungu. Nikafungua madirisha mawili ya Word nikayaweka ubavu kwa ubavu, na kila ukurasa ukakatwa pembeni palepale ulipokuwa ukikatwa kwenye laptopu. Kila kitu kilikuwa kikubwa zaidi, lakini hakuna hata neno moja lililoongezeka. Iliniuma sana, kwa sababu fedha ile niliisubiri miezi tisa.

Kosa langu lilikuwa kupima kwa inchi. Inchi ni urefu wa kioo kutoka pembe hadi pembe, basi. Dirisha la programu halipangwi kwa inchi, linapangwa kwa pikseli, zile nukta za mwanga zinazounda picha. Televisheni ndogo nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, sawasawa na laptopu za zamani za bei nafuu, sawasawa na ile niliyokuwa nayo. Nilinunua nafasi ileile niliyokuwa nayo, ikiwa imevutwa tu kama chapati.

Tangu siku ile nina kipimo changu, na ninawapa wote wanaoniuliza. Ukurasa wa A4 ukifunguliwa kwenye Word kwa ukubwa wa asilimia 100 huchukua pikseli 794 za upana. Kwa hiyo chukua upana wa skrini unayotaka kununua, gawanya kwa 794, utajua kurasa ngapi zitakaa bega kwa bega bila kukatwa. Skrini ya 1366 inabeba ukurasa mmoja na kipande kisichofaa kitu. Ya 1920 inabeba kurasa mbili kwa raha. Ya 2560 inabeba tatu. Ile ndefu ya 3440 inabeba nne. Hesabu hii inachukua nusu dakika mbele ya kaunta, na ingeniokolea shilingi 310,000.

Kabla ya kaunta, hata hivyo, kuna nafasi ambayo tayari ni yako na hujaitumia. Laptopu nyingi za inchi 14 zenye pikseli 1920 kwa 1080 hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa ukuzaji wa asilimia 150, ili herufi zisomeke bila kukodoa. Kwa mipangilio hiyo, skrini inafanya kazi kana kwamba ina 1280 kwa 720 tu. Fungua mipangilio ya skrini, shusha ukuzaji mpaka asilimia 125, na utapata nafasi ya 1536 kwa 864. Nusu yake ni 768, kidogo tu chini ya ukurasa wa A4, na ukiupunguza ukurasa wenyewe hadi asilimia 90 ndani ya Word unaingia wote. Ukishusha hadi 100 unapata 1920 yote. Mwenye miwani kama mimi hatastahimili 100 kwenye kioo cha inchi 14, lakini 125 wengi wanaizoea ndani ya siku mbili. Hapo hujatoa hata mia.

Halafu kuna mikono. Ninaona watu wakiburuta madirisha kwa kipanya, wakivuta pembe hii, wakisukuma pembe ile, mpaka yapangane. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto kinaliweka dirisha nusu ya kushoto, na mshale wa kulia nusu ya kulia. Windows 10 iliongeza pembe nne. Windows 11, iliyotoka 2021, ukibonyeza kitufe cha Windows na Z inakuonyesha michoro ya mipangilio, nusu kwa nusu au theluthi tatu, unachagua unapotaka dirisha likae. Anayetaka kuchora mistari yake mwenyewe apakue PowerToys, inatolewa bure na Microsoft wenyewe. Ndani yake mna FancyZones, unaigawa skrini unavyopenda na kila dirisha linanasa kwenye sehemu yake. Wenye Mac walisubiri hadi macOS Sequoia ya 2024 ndipo kompyuta zao zikapata upangaji wa namna hii bila msaada. Kabla ya hapo walitegemea programu kama Rectangle, ambayo ni ya bure, au Magnet, ambayo ni ya kulipia. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya kulipia programu ya kupanga madirisha. Hiyo fedha iweke kwenye kioo.

Lakini kupanga ubavu kwa ubavu ni tabia yangu mimi, na nimejifunza kutoidharau ya mwingine. Mwalimu aliyenifundisha sekondari, sasa amestaafu, anatunga mitihani ya majaribio kwa shule za jirani. Ana laptopu ya 1366. Nilimtembelea nikiwa na shauku ya kumwonyesha mpangilio wangu. Nikamwamkia, nikakaa, nikamgawia madirisha yake nusu kwa nusu. Alitazama kidogo, akayarudisha yalivyokuwa, moja limejaza skrini nzima. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nikisoma kitabu nasoma kitabu. Nikiandika, naandika." Anabonyeza Alt na Tab, kitabu kinaondoka, mtihani unakuja, anabonyeza tena, kitabu kinarudi. Nilikaa saa nzima nikimtazama na sikuona akipotea hata mara moja. Kwa skrini yenye upana wa 1366, yeye ndiye aliyekuwa sahihi: nusu yake ni 683, hakuna ukurasa unaosomeka humo bila kuukunja. Mtu kama Mwalimu asishawishiwe kununua chochote. Labda nitamwonyesha tu madawati ya ziada, yale yanayofunguka kwa kitufe cha Windows na Tab, ili barua pepe zikae dawati moja na mitihani dawati jingine.

Mpwa wangu anaandika programu, na kwake hakuna dirisha linalokaa juu ya jingine. Anatumia Linux na programu ya kupanga madirisha iitwayo i3, bure kabisa: kila dirisha jipya linapofunguka, yaliyopo yanajisogeza yenyewe kulipisha, na yeye hagusi kipanya. Mimi niliona kama jambo la ajabu la vijana, mpaka nilipojua kwamba Windows ya kwanza kabisa, ya Novemba 1985, nayo ilikuwa hivyo. Madirisha yake yalipangwa kama vigae sakafuni, hayakuruhusiwa kulaliana. Ni toleo la pili, mwaka 1987, lililoyaruhusu kupandana. Kwa hiyo ule mrundikano tunaoujua wote, dirisha chini ya dirisha chini ya dirisha, si maumbile ya kompyuta. Ni chaguo, na anayechoshwa nalo anaweza kuchagua jingine. Ila i3 inadai wiki kadhaa za kujifunza vitufe kwa moyo, na kwa mtu ambaye analipwa kwa idadi ya maneno, wiki hizo zina bei.

Sasa twende dukani. Bei nitakazotaja ni zile nilizoambiwa mimi mwenyewe nikizunguka Kariakoo na Posta, baada ya kupatana kidogo; zinapanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo zichukue kama uwiano, si kama tangazo.

Ya chini kabisa ni monita ya mtumba ya mraba, inchi 19, ile iliyokuwa kwenye ofisi za Ulaya miaka ya nyuma. Niliipata kwa 70,000. Watu wanaipita bila kuitazama kwa sababu ya umbo lake, na hilo linanisikitisha, maana ina pikseli 1280 kwa 1024. Zidisha: ni zaidi ya milioni moja na laki tatu. Televisheni yangu ya inchi 32 ilikuwa na milioni moja na elfu hamsini hivi. Kimonita cha 70,000 kinabeba maandishi mengi kuliko televisheni ya 310,000, na kimo chake cha 1024 kinakaribia kuonyesha ukurasa mzima bila kusogeza. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, akiwa na laptopu mbele na kimraba hiki pembeni kwa ajili ya kusomea makala, sijui namna bora zaidi ya kutumia fedha hiyo.

Inayofuata ni mtumba ya inchi 22. Hapa kuna namna mbili na lazima uulize: zipo za 1680 kwa 1050, na zipo za 1920 kwa 1080. Zote zinabeba kurasa mbili, lakini ya kwanza inazibeba kwa kujibana, ukurasa kugusa ukurasa. Niliambiwa 120,000 na 150,000. Monita mpya ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ilikuwa 350,000. Kurasa ni mbili zilezile, ila unapata kioo kisicho na mikwaruzo na dhamana ya mwaka. Mpya ya inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 ilikuwa 720,000, kurasa tatu. Na ile ndefu ya inchi 34, yenye 3440 kwa 1440, iligonga 1,400,000, kurasa nne.

Gawanya bei kwa kurasa uone. Kimraba, 70,000 kwa ukurasa. Inchi 22 ya mtumba ya 150,000, shilingi 75,000. Inchi 24 mpya, 175,000. Inchi 27, 240,000. Ile ndefu, 350,000. Televisheni yangu: ukurasa mmoja, 310,000. Kadiri kioo kinavyokuwa kimoja na kipana, ndivyo kila ukurasa unavyozidi kuwa ghali, kwa sababu hapo hununui nafasi peke yake, unanunua kutokatizwa.

Na kutokatizwa kuna watu wanaokuhitaji kweli. Wifi yangu ni mhasibu wa shirika dogo linalopokea fedha za wafadhili. Karatasi yake kuu ya Excel ina kila mwezi kwa safu tatu: bajeti, matumizi, tofauti. Miezi 12 ni safu 36, ongeza mbili za mwanzo za namba na jina la kifungu, jumla 38. Safu ya kawaida ya Excel ni pikseli 64. Kwenye laptopu yake ya 1366 alikuwa anaona mpaka Juni. Nilimwazima monita yangu ya 1920, akaona mpaka Septemba. "Wifi," aliniambia, "makosa yote ya mwaka yako Oktoba mpaka Desemba." Monita mbili zingemfikisha Desemba, lakini ule ukingo wa plastiki wa katikati ungemkata mwaka vipande viwili, na yeye anafuata mstari mmoja kwa kidole kutoka Januari mpaka mwisho. Kwake, 2560 inaonyesha safu 39 mfululizo. Zinamtosha, na moja inabaki. Nilipomfanyia hesabu ile hakuuliza bei ya ukurasa, na alikuwa na haki ya kutouliza. Amenunua ya inchi 27 na sijawahi kumsikia akijuta.

Angalizo moja juu ya inchi 27, kwa sababu nimeona watu wawili wakinaswa. Zipo za inchi 27 zenye 1920 kwa 1080 tu, na zinawekwa rafu moja na zile za 2560. Zinafanana kwa nje kama mapacha. Hiyo ya 1920 inakupa kurasa mbili kama monita yoyote ya inchi 22, na herufi zake zina ukungu zaidi kwa sababu nukta zilezile zimetandazwa kwenye eneo kubwa. Usikubali kuambiwa "hii kubwa." Uliza namba. Na ukikuta ya inchi 27 yenye 3840 kwa 2160, jua kwamba hutapata kurasa nyingi kama namba inavyoahidi: herufi zitakuwa ndogo mno, utaweka ukuzaji wa asilimia 150, na utarudi kwenye nafasi ya 2560 kwa 1440. Unacholipia ni ung'avu wa herufi. Kwa macho yanayosoma saa tisa kwa siku si kitu kidogo, lakini ni kitu kingine.

Ile ndefu ya inchi 34 mimi siipendekezi kwa wengi wetu. Ina upana wa sentimita 80, meza zetu za nyumbani nyingi ni za mita moja na ushee. Kwenye mikutano ya mtandaoni, ukishirikisha skrini yote, wenzako wanaona utepe mwembamba wenye maandishi kama sisimizi, inabidi ushirikishe dirisha mojamoja. Na kwa fedha yake unapata monita nne za inchi 24 mpya. Anayehariri video, mwenye mstari mrefu wa matukio unaokwenda kushoto na kulia siku nzima, huyo naelewa.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye nyaya, na hapa ndipo wanunuzi wa mtumba wanapopoteza fedha baada ya kushangilia bei. Monita nyingi za ofisi zilizotumika zina tundu la VGA, la DVI na la DisplayPort, hazina HDMI. Laptopu yako ina HDMI. Ikiwa monita ina DVI, shukuru: waya rahisi wa HDMI kwenda DVI unatosha, picha inapita bila kifaa kingine. Ikiwa ni VGA peke yake, unahitaji adapta yenye chombo cha kubadilisha mawimbi ndani yake, na picha itafifia kidogo. Lakini ikiwa umebaki na DisplayPort, kuwa makini sana. Ule waya unaouzwa kila mahali wenye DisplayPort upande huu na HDMI upande ule unapeleka picha upande mmoja tu: kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda skrini yenye HDMI. Ukiugeuza, laptopu yenye HDMI kwenda monita yenye DisplayPort, kioo kinabaki cheusi. Fundi atakuambia monita imekufa. Haijakufa. Unahitaji adapta maalumu ya upande huo, na ni ghali zaidi.

Tundu la USB-C nalo si ahadi. Baadhi ya laptopu zinalitumia kwa chaji na data tu, halitoi picha. Tazama kama pembeni yake pana alama ndogo ya D ya DisplayPort au ya radi ya Thunderbolt, na kama hakuna, jaribu palepale dukani kabla ya kununua adapta. Kwenye laptopu za zamani, tundu la HDMI lenyewe lina kikomo: matoleo ya HDMI 1.4 yanapeleka picha ya 3840 kwa 2160 mara 30 tu kwa sekunde, na kipanya kinaonekana kikijivuta. Wenye MacBook Air za chipu ya M1 na M2 wajue kwamba kompyuta hizo zinakubali monita moja tu ya nje. Ya M3 inakubali mbili ukifunga kifuniko, ya M4 inakubali mbili kikiwa wazi. Rafiki yangu mwenye M1 alinunua monita mbili za mtumba kwa siku moja, na ya pili ilikaa juu ya kabati mpaka alipotafuta kifaa cha DisplayLink, cha kuongeza monita kupitia USB, ambacho bei yake ilizidi ya monita yenyewe.

Basi nenda dukani na laptopu yako na waya wako. Ichomeke. Fungua ukurasa mweupe mtupu wa Word uujaze skrini yote, ndipo utaona madoa ya manjano pembeni na pikseli zilizokufa. Kisha fungua madirisha yako mawili ya kawaida uyapange unavyoyapanga nyumbani, usome aya moja. Muuzaji mwema atakusubiri.

Kuna swali la kusimamisha monita wima. Mimi ndivyo nilivyo sasa: laptopu mbele yangu, na kulia inchi 22 ya mtumba imegeuzwa kusimama kama mlango, 1080 kwa upana na 1920 kwa kimo. Ukurasa mzima wa A4 una kimo cha pikseli 1123, kwa hiyo maandishi ya mwenye kazi yanakaa yote, kutoka kichwa hadi tanbihi, na chini yake inabaki nafasi ya kamusi. Sijawahi kupata mpangilio ulionipunguzia kusogeza kurasa kama huu. Ila angalia mambo mawili. Kwanza stendi: za ofisi nyingi zinazunguka na kupanda, lakini monita mpya za bei ya chini mara nyingi zimekaa kwenye mguu usiogeuka, utalazimika kununua mkono wa kufunga mezani, na uhakikishe mgongo wa monita una matundu manne ya skrubu. Pili aina ya kioo. Kioo cha aina ya TN kinavumilia kutazamwa kutoka pembeni kuliko kutoka chini; ukikigeuza wima, ile "chini" inakuwa pembeni yako, na jicho la kushoto linaona mwanga tofauti na la kulia. Nililivumilia siku tatu, kichwa kikauma. Tafuta kioo cha aina ya IPS. Njia ya kujaribu: inama dukani utazame kioo kutoka chini, kikigeuka cheusi au rangi zikijipindua, hicho hakigeuzwi.

Ulaji wa umeme usikutishe. Monita ya LED ya inchi 22 inakula kama wati 25. Saa tisa kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti sita hivi za LUKU, kama shilingi 2,100 kwa mteja wa kawaida anayelipa karibu 350 kwa uniti pamoja na kodi. Vioo vya zamani vinavyomulikwa na taa za mrija vinakaribia mara mbili ya hapo. Anayepaswa kupiga hesabu ni yule aliye kwenye kundi la matumizi madogo, anayenunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi mpaka uniti 75 kwa mwezi. Uniti sita za monita zikimvusha mstari huo, analipia kila uniti ya juu yake zaidi ya mara tatu.

Umeme unaogharimu ni ule unaokatika. Laptopu ina betri, monita haina. Taa zikizimika, kioo cha nje kinakufa na madirisha yake yote yanakimbilia kwenye laptopu na kurundikana, na umeme ukirudi hayakumbuki yalikotoka. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipoteza dakika kumi kila mara kuyapanga upya, na kuna juma umeme ulikatika mara nne kwa siku. Nilikuwa karibu kununua UPS, ile betri ya akiba. Kisha nikakuta ndani ya Windows 11, kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya monita nyingi, kisanduku cha kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na monita zilizounganishwa. Nikakiwekea alama. Jana jioni umeme ulikatika nikiwa katikati ya sentensi, ukarudi baada ya nusu saa. Monita ikawaka, na ule ukurasa wa mwenye kazi ukaenda wenyewe kusimama mahali pake upande wa kulia.